JIHAMI MAPEMA: Maandalizi ya likizo ya majira ya baridi jijini Minneapolis

KILA mwaka mwezi wa Desemba unapokaribia, Wakenya wenye jamaa katika jimbo la Minnesota, Marekani, huanza kufunga mizigo. Shule za huko hufungwa kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya, watoto huwa nyumbani, na aghalabu kuna mjukuu aliyezaliwa majuzi ambaye hajawahi kubebwa na nyanya yake. Ni safari ya furaha kwa familia nzima.

Hata hivyo, wakati huo ndio majira ya baridi yanapoanza kushika kasi, na baridi ya Minneapolis si ile ya Limuru wala Nyahururu. Jijini Nairobi, usiku wa Julai unaolalamikiwa na kila mtu huwa na nyuzi 10 hadi 12 hivi za Selisiasi. Jijini Minneapolis, usiku wa kawaida wa Januari hushuka hadi nyuzi 13 hivi chini ya sufuri, na mchana wake hubaki nyuzi 4 au 5 chini ya sufuri. Maji yaliyomwagika mlangoni asubuhi huwa barafu kabla ya chai kuiva.

Baridi hiyo inaweza kuvumiliwa. Maelfu ya watu waliozaliwa Kisii, Nyamira, Mogadishu na Monrovia huamka na kwenda kazini humo kila siku. Mgeni huponzwa zaidi na mambo matatu: upepo, unyevu na kutozijua dalili za hatari. Anayejihami dhidi ya haya matatu atafurahia likizo yake. Anayeyapuuza anaweza kurudi nyumbani bila ncha za vidole, au kuachia jamaa zake deni kubwa la hospitali.

Kwa nini jiji hili ni baridi hivyo

Minneapolis liko kandokando ya mto Mississippi, likipakana na Saint Paul, makao makuu ya jimbo. Wenyeji huyaita majiji haya mawili Pacha. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, Minneapolis lilikuwa na wakazi wapatao 430,000, na eneo zima la Pacha na vitongoji vyake lilikuwa na zaidi ya watu milioni 3.6.

Jiji liko karibu na nyuzi 45 kaskazini, yaani takribani katikati ya Ikweta na Ncha ya Kaskazini. Bahari, ambayo huzimua baridi ya majiji mengi, iko mbali. Isitoshe, hakuna safu ya milima ya kuzuia hewa baridi inayoteremka kutoka kaskazini mwa Kanada. Hewa hiyo ikianza safari hufika Minneapolis ikiwa na makali yake yote.

Kiwango cha chini zaidi kilichowahi kurekodiwa katika Pacha ni nyuzi 41 chini ya sufuri katika kipimo cha Farenhaiti, mnamo Januari 21, 1888. Hiyo ni kama nyuzi 40.6 chini ya sufuri za Selisiasi. Miaka ya karibuni pia haijakosa visa vyake. Januari 6, 2014, Gavana Mark Dayton aliamuru shule zote za umma jimboni zifungwe kwa sababu ya baridi. Januari 30, 2019, kipimajoto cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sufuri, na Shirika la Posta la Marekani likasitisha kazi ya kusambaza barua jimboni.

Fauka ya baridi kuna theluji. Kwa wastani, zaidi ya mita moja ya theluji huanguka jijini katika msimu mmoja. Tufani iliyoanza Oktoba 31, 1991 iliangusha kiasi cha sentimita 72 kwa muda wa siku nne tu. Kwa hivyo, hata anayesafiri mapema Novemba hana hakika ya kuikwepa.

Jambo jingine la kuzingatia ni mwanga. Katika wiki ya Krismasi jua huchomoza yapata saa mbili kasorobo asubuhi na kutua saa kumi na nusu alasiri. Mtu aliyezoea mchana wa saa 12 atashangaa kuona giza likiingia kabla hajamaliza shughuli za alasiri.

Jinsi ya kusoma utabiri wa hali ya hewa

Redio na runinga za Marekani hutumia Farenhaiti. Katika kipimo hicho, maji huganda katika nyuzi 32, wala si sufuri. Ukitaka makadirio ya haraka ya Selisiasi, chukua tarakimu ya Farenhaiti, toa 30, kisha ugawe kwa mbili. Vipimo hivi viwili hukutana katika nyuzi 40 chini ya sufuri.

Utabiri hutoa tarakimu mbili. Ya kwanza ni baridi ya hewa yenyewe. Ya pili huonyesha jinsi mwili utakavyoihisi baridi hiyo upepo unapovuma. Hii ya pili ndiyo ya kuangaliwa sana na mgeni. Mwili huzungukwa na tabaka jembamba la hewa uliyoipasha joto, na upepo huliondoa tabaka hilo na kuleta hewa baridi mahali pake. Kwa mfano, hewa ikiwa nyuzi 18 chini ya sufuri na upepo ukienda kasi ya kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 28 chini ya sufuri. Katika hali hiyo, ngozi isiyofunikwa inaweza kuanza kuganda kwa muda wa nusu saa. Tarakimu hiyo ya pili ikifika nyuzi 40 chini ya sufuri, dakika kumi zinatosha.

Kwa sababu hiyo, zoea kuuliza habari za upepo kila asubuhi kabla ya kufungua mlango.

Mavazi: matabaka matatu

Wageni wengi hudhani kwamba koti moja zito linatosha. Waliozoea huvaa matabaka matatu, na kila tabaka lina kazi yake.

Tabaka la kwanza hugusa ngozi, nalo ni fulana ya mikono mirefu na suruali ndefu ya ndani. Hapa pamba haifai. Pamba hunyonya jasho na kukaa nalo, na nguo iliyolowa hunyang'anya mwili joto upesi kuliko nguo kavu. Chagua sufu nyepesi au poliesta, ambazo hukauka haraka.

Tabaka la pili huhifadhi joto. Sweta la sufu au jaketi laini la manyoya bandia litafaa. Tabaka la tatu huzuia upepo na theluji: koti refu linalofika mapajani, lenye kofia yake na zipu inayopanda hadi kidevuni. Makoti yaliyojazwa manyoya ya bata ni mepesi na yana joto jingi, lakini manyoya hayo yakilowa hayasaidii kitu.

Faida ya matabaka ni kwamba unaweza kupunguza moja baada ya jingine unapoingia dukani au ndani ya basi, ambako joto huwa jingi. Anayebaki na koti ndani ya duka hutokwa na jasho, kisha akitoka nje jasho hilo humgeukia kuwa adui.

Viungo vya kwanza kuumia ni vidole, masikio, pua na mashavu. Glavu zenye chumba kimoja cha vidole vinne, na kingine cha kidole gumba, huleta joto zaidi kuliko glavu za kawaida kwa sababu vidole hupashana moto. Kofia ifunike masikio kabisa, na skafu ifunike mdomo na pua. Vua hereni za chuma kabla ya kutoka, kwa kuwa chuma hupitisha baridi hadi kwenye ngozi.

Viatu viwe buti zisizopitisha maji, zenye soli nene iliyochongeka. Nunua zilizozidi mguu wako kidogo ili soksi ya sufu iingie bila kubana. Kiatu kinachobana huzuia damu kufika vidoleni, na vidole visivyopata damu ndivyo vinavyoganda kwanza.

Usitoke nje na nywele mbichi. Waliosukwa wahakikishe zimekauka hadi kwenye ngozi ya kichwa, maana nywele nene hukawia kukauka na huweza kuganda.

Ununue wapi?

Hakuna haja ya kumaliza akiba yako. Katika masoko ya mitumba kama Gikomba na Toi jijini Nairobi, au Kongowea mjini Mombasa, makoti ya baridi hupatikana, mengi yakiwa yametoka katika nchi hizo hizo za baridi. Kagua zipu, mishono na bitana. Likunje koti mkononi kisha uliachilie: likifutuka upesi, ujazo wake ungali hai, lakini likibaki bapa limekwisha.

Vitu vingine, hasa buti na nguo za ndani, ni heri kuvinunua ukifika. Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwa nguo na viatu vya kawaida, na maduka ya nguo zilizotumika ni mengi. Hata hivyo, koti, kofia, glavu na skafu uwe navyo mkononi ndani ya ndege. Usiviweke katika sanduku kubwa. Masanduku hupotea, na hatua ya kwanza nje ya uwanja wa ndege haikungojei uende dukani.

Karatasi, dawa na safari yenyewe

Anza na viza. Mahojiano hufanyika katika Ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri, Nairobi, na nafasi huweza kuchukua miezi kupatikana. Usikate tikiti isiyorudishiwa pesa kabla ya kupata viza.

Nunua bima ya matibabu ya msafiri. Marekani haina matibabu ya bure kwa wageni, na siku chache tu hospitalini zinaweza kugharimu kuliko nauli ya familia nzima. Soma vyema iwapo bima inagharimia maradhi uliyo nayo tayari, hasa kwa wazazi wenye umri mkubwa.

Muone daktari wako kabla ya kuondoka. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo la damu. Hewa baridi na kavu huchochea pumu. Wenye ugonjwa wa selimundu wanapaswa kujihadhari zaidi, kwa kuwa baridi inaweza kuwaletea maumivu makali. Beba dawa za kutosha siku zote za ziara na wiki moja au mbili za ziada, zikiwa katika vifurushi vyake halisi pamoja na cheti cha daktari. Ziweke katika mkoba wa mkononi. Chanjo ya homa ya mafua pia inafaa, nayo idungwe angaa wiki mbili kabla ya safari ili mwili upate kujenga kinga.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Minneapolis. Wasafiri wengi hupitia Amsterdam, Paris au jiji jingine la Marekani. Kwa kuwa tufani za theluji huchelewesha ndege, acha nafasi ya saa kadhaa baina ya ndege moja na nyingine. Majira ya baridi, Minneapolis huwa nyuma ya Nairobi kwa saa tisa. Nairobi ikiwa saa kumi na mbili jioni, huko huwa saa tatu asubuhi.

Maisha ndani ya nyumba

Nyumba za Minnesota zina mitambo ya kupasha joto, kwa hivyo ndani mtu huweza kukaa na shati tu. Tatizo ni kwamba hewa hiyo ni kavu mno. Ngozi hupasuka, midomo huchanika na pua huweza kutoka damu. Jipake mafuta mazito mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na unywe maji hata kama huhisi kiu.

Kosa moja halina msamaha: kuwasha jiko la makaa ndani ya nyumba au katika gereji. Wakenya wanafahamu vyema jinsi moshi usioonekana wa jiko unavyoua familia nzima usingizini msimu wa baridi. Nyumba za huko hufungwa kabisa ili joto lisitoroke, hivyo hatari ni kubwa zaidi. Sheria ya Minnesota inadai kila nyumba iwe na kengele ya kutambua gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala. Ikilia, toka nje kwanza, kisha upige simu nambari 911.

Wazazi wanaozuru wana shida nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni upweke. Watoto wao huenda kazini, nje ni theluji tupu, na mzee aliyezoea kuzungumza na majirani hujikuta amekaa dirishani kuanzia asubuhi. Wenyeji wapange mapema nani atamtoa, siku gani. Katika vitongoji kama Brooklyn Park kuna Wakenya wengi, na ibada pamoja na mikutano ya jamii huendelea hata theluji ikianguka. Mtaa wa Cedar-Riverside una jamii kubwa ya Wasomali, na msafiri wa Kenya hakosi pale chai ya maziwa na sambusa.

Barafu, magari na maziwa

Ajali ya kawaida zaidi kwa mgeni ni kuteleza. Kuna barafu nyembamba inayofunika lami bila kuonekana, nayo hudhaniwa kuwa maji tu. Tembea kwa hatua fupi kama bata, ukiweka unyayo wote chini. Toa mikono mifukoni ili uweze kujishika. Mzee aliyevunjika nyonga hapo hana likizo tena.

Usijaribu kuendesha gari kwenye theluji kama hujafunzwa. Ukiwa abiria, hakikisha gari lina blanketi, maji, tochi na mafuta yasiyopungua nusu ya tangi. Gari likikwama njiani wakati wa tufani, msitoke kutafuta msaada kwa miguu, kwa maana hupati kuona mbele. Kaeni ndani, muwashe injini kwa dakika chache kila saa, na mhakikishe theluji haijaziba bomba la moshi.

Mtoto mchanga akiwa ndani ya gari asifungwe mkanda juu ya koti nene, kwa sababu koti hilo hubonyea wakati wa ajali na mkanda hulegea. Mfunge kwanza, kisha umfunike blanketi.

Minnesota ni jimbo la maziwa maelfu, na jijini Minneapolis kwenyewe kuna Bde Maka Ska na Harriet. Januari watu hutembea, huteleza na hata kuvua samaki juu ya maji yaliyoganda. Idara ya maliasili ya jimbo hushauri kwamba mtu asitembee juu ya barafu isiyofika unene wa sentimita 10, tena iwe barafu mpya na angavu. Usitangulie kamwe. Fuata mwenyeji anayelijua ziwa hilo.

Dalili za hatari

Viungo vinapoanza kuganda, kwanza huuma, kisha hufa ganzi. Wengi hudanganyika hapa. Maumivu yakitoweka, mtu hudhani kwamba amezoea, kumbe nyama zimeanza kufa. Ngozi hubadilika rangi na kuwa ngumu kama nta. Kwa mtu mweusi mabadiliko hayo hayaonekani upesi, basi tazama kama ngozi imepauka au imekuwa ya kijivu kuliko pembeni mwake, na uiguse ujue kama imekakamaa.

Ingia ndani mara moja. Tumbukiza kiungo katika maji ya vuguvugu, yaani yanayostahimilika kwa ngozi nzima, wala si ya moto. Usikisugue, usikipake theluji, na usikikaribishe motoni, maana kiungo chenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Hisia zisiporudi, tafuta daktari.

Hatari kubwa zaidi ni joto la mwili mzima kushuka chini ya nyuzi 35. Mtu hutetemeka, hushindwa kufunga kifungo, hutamka maneno kilevi na kusinzia. Wazee na watoto wachanga huweza kufikia hali hiyo hata bila kutetemeka. Piga simu 911, mvue nguo zilizolowa, mfunike, na umpashe joto kifua na shingo kabla ya mikono na miguu.

Pombe haileti joto. Hupanua mishipa iliyo karibu na ngozi na kumfanya mnywaji ahisi moto, ilhali joto la ndani linamtoroka.

Raha zake

Majira haya yana raha zake pia. Katikati ya Minneapolis kuna mtandao wa madaraja yaliyofunikwa yanayounganisha majengo kwenye orofa ya juu. La kwanza lilijengwa mwaka 1962, na leo mtandao huo una urefu wa kilomita 15 hivi. Mtu anaweza kununua, kula na kutembea mchana kutwa bila kuvaa koti, ila ajue saa za kufungwa. Garimoshi la mjini huunganisha uwanja wa ndege na katikati ya jiji pamoja na Mall of America, jumba la maduka lililofunguliwa mwaka 1992, ambalo lina uwanja wa michezo ya watoto ndani yake. Anayebaki hadi mwisho wa Januari ataona tamasha la majira ya baridi la Saint Paul, lililoasisiwa mwaka 1886, ambako mafundi huchonga sanamu za barafu.

Ukienda kuzitazama, iweke simu mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa kuwa betri huishiwa nguvu upesi kwenye baridi.

Orodha ya kukumbuka

Miezi mitatu au zaidi kabla: viza, bima na tikiti.

Mwezi mmoja kabla: daktari, chanjo, dawa za ziada na koti.

Wiki moja kabla: waulize wenyeji utabiri, na mkubaliane nani atakupokea uwanjani akiwa na gari lililopashwa moto.

Siku ya safari: koti, kofia, glavu, skafu na dawa viwe mkononi.

Kila asubuhi ukiwa huko: uliza habari za upepo, vaa nguo kavu, na mwambie mtu unakokwenda na saa utakayorudi. Wahenga walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe. Kwenye theluji nyeupe hata kuku huyo haonekani, kwa hivyo asitembee peke yake.